Leseni ya Msanifu Majengo Haikwami Kwenye Mtihani

Tarehe 30 Aprili 2023, Baraza la Kitaifa la Bodi za Usajili wa Wasanifu Majengo nchini Marekani (NCARB) lilifuta kanuni iliyowakosesha usingizi vijana wengi. Mtihani wa leseni nchini humo una sehemu sita, na kanuni hiyo ilisema kwamba sehemu uliyofaulu ina uhai wa miaka mitano tu. Usipomaliza zilizobaki ndani ya muda huo, ile ya kwanza inafutika na unairudia: ada upya, kusoma usiku upya. Tangu hapo mjadala umesonga mbele zaidi. Wanaoweka vigezo wanajiuliza kama kuhesabu saa za kazi ni kipimo sahihi cha uwezo. Uingereza nako mamlaka ya usajili inaachana polepole na utaratibu wa hatua tatu uliodumu kwa vizazi, ikitaka kutazama kile ambacho mhitimu anaweza kukifanya kuliko ngazi alizopanda. Habari hizi zimepokewa kwa namna mbili. Wakongwe wengi wamesikitika, wakiona kizingiti kinashushwa. Vijana wengi wameshangilia, wakiona ukuta umebomoka. Nadhani pande zote mbili zimekosea mahali pamoja, kwa sababu zote zinaamini kwamba kinachomzuia kijana ni mtihani. Hoja yangu ni kwamba kijana hukwama mapema zaidi, mezani kwake ofisini, pale ambapo mtu mwingine anaamua ataona nini na hataona nini cha kazi hii. Na kwa kuwa tumekosea ugonjwa, tumekosea dawa pia: leseni tumeiacha iwe jambo la mtu na vitabu vyake, kujuana tumekugeuza tafrija ya jioni, na miradi ya kijamii tumeigeuza sadaka. Mambo haya matatu ni kazi moja, na kila yanapotenganishwa hudhoofika yote.

Tuanze na sababu ya leseni kuwepo, maana hapo ndipo hasira za vijana huteleza. Jimbo la Illinois lilikuwa la kwanza Marekani kuweka sheria ya leseni ya usanifu majengo, mwaka 1897, wakati Chicago ikipandisha maghorofa ya fremu za chuma. Ilichukua hadi 1951 majimbo yote kuwa na sheria ya namna hiyo. Msingi wake ni rahisi: anayelala ghorofa ya tisa hawezi kupima nondo zilizomo ndani ya nguzo, wala hawezi kujua kama moshi ukijaa kwenye ngazi atapata njia nyingine ya kutoka. Anamwamini mtu ambaye hajawahi kumwona. Sheria inataka mtu huyo awe na jina, awe na anwani, na aweze kuulizwa. Yeyote anayesema leseni ni urasimu mtupu ajiulize angependa nani apitishe michoro ya wodi ya watoto.

Lakini zamani njia ya kuifikia leseni hiyo ilikuwa tofauti. Kijana aliingia katika ofisi ya msanifu akiwa mwanagenzi, akachonga penseli, akanakili michoro, akafuatana na mkubwa wake hadi kwenye ujenzi, na baada ya miaka akawa ameiona kazi yote kuanzia mteja anapobisha hodi hadi ufunguo unapokabidhiwa. Njia hiyo ilikuwa na ubaya wake mkubwa, kwani aliyeingia alikuwa mtoto wa mwenye uwezo au ndugu wa mwenye ofisi. Shule zikachukua nafasi. Nchini Uingereza, mkutano wa elimu ya usanifu uliofanyika Oxford mwaka 1958 ndio uliosukuma mafunzo yahamie vyuo vikuu, na nchi nyingi zikafuata mwelekeo huohuo. Umoja wa Kimataifa wa Wasanifu Majengo (UIA) nao unapendekeza angalau miaka mitano ya masomo na miwili ya mafunzo ya kazini. Taaluma ilipata mengi kwa mabadiliko hayo. Ilichopoteza ni mwenye mtoto. Chuo kinasema mhitimu sasa ni wa ofisi, ofisi inasema imeajiri mfanyakazi na si mwanafunzi, bodi ya usajili inasema yenyewe inapokea fomu. Kati ya joho la mahafali na muhuri wa usajili kuna miaka ambayo hakuna taasisi hata moja inayojihesabu kuwa na wajibu wa kumfikisha kijana ng'ambo.

Hesabu ya Marekani inalionyesha hili vizuri kuliko maneno. Mtarajali huko anatakiwa kukusanya saa 3,740 za uzoefu. Ukizigawa kwa juma la kazi la saa 40, unapata majuma 93 na kidogo, yaani chini ya miaka miwili. Hata hivyo, takwimu za NCARB zenyewe zimekuwa zikionyesha kwamba kwa wastani saa hizo huchukua karibu miaka mitano, na kwamba safari nzima, kuanzia siku ya kwanza chuoni hadi leseni, hufika takriban miaka 13. Iliyobaki imekwenda wapi? Jibu limo ndani ya mgawanyo wa saa. Kati ya hizo 3,740, saa 1,520 ni za kuandaa michoro na nyaraka za ujenzi, na 1,080 ni za upangaji na usanifu wa mradi. Hizo mbili pekee ni saa 2,600, na kijana huzipata bila shida kwa sababu ndizo anazolipwa kuzifanya: anakaa kwenye kompyuta anachora. Zinazobaki ni chache, lakini ndizo chungu. Kusimamia mradi ni 360. Kuchambua mahitaji ya mteja na eneo ni 260. Ujenzi na tathmini yake, yaani kuwa saiti, ni 360. Kuendesha ofisi, ambako ndiko kuna mikataba, ada na bima, ni 160.

Saa 360 za saiti ni majuma tisa ya kazi. Nasisitiza tisa, kwa sababu nimewafahamu vijana waliokaa ofisini miaka minne na hawajazikamilisha. Haikuwa kwa uvivu. Ofisi hupata fedha kijana anapochora, na hupoteza fedha anapokwenda kusimama pembeni ya mkandarasi kusikiliza ubishi kuhusu zege lililochelewa. Mteja hakubali kulipia watu wawili kwenye kikao cha saiti wakati mmoja angetosha. Basi anakwenda mkubwa, na kijana anabaki ofisini akiandika orodha ya milango ya jengo. Mkuu wa ofisi si mtu mbaya. Anafuata hesabu yake ya mwezi, na hesabu hiyo haina mstari wa kumfundisha mtu. Mwezi ukigeuka mwaka, na mwaka ukawa minne, kijana anakuwa fundi hodari wa sehemu moja ya kazi na mgeni wa sehemu nyingine zote. Siku akikaa kwenye mtihani, maswali ya mkataba na usimamizi wa ujenzi yanamshinda. Tunasema mtihani umemwangusha, ilhali alianguka mwaka wa kwanza pale gari la saiti lilipoondoka bila yeye.

Nitasema la kwangu moja tu. Katika ofisi yangu ya kwanza nilichora vyoo kwa zaidi ya mwaka. Nilivichora vizuri, vipimo vyote vikisomana. Siku moja mkubwa aliugua na nikapelekwa saiti badala yake. Fundi mmoja, mtu mzima mwenye tepu iliyochakaa kiunoni, alinishika mkono akaniingiza katika chumba nilichokichora mwenyewe, akaufungua mlango, nao ukagonga sinki. Kwenye karatasi ulipita kwa sentimita nne. Ila ukuta wa karatasi hauna plasta, na ukuta wake ulikuwa nayo pande zote mbili, tena na vigae juu yake. Hakunicheka. Alisema tu, "Mwanangu, ukuta unanenepa." Tangu siku ile sijawahi kuchora mlango bila kuvisha ukuta kwanza. Somo lile lilichukua dakika tatu, na ofisi ilinikawiza nalo zaidi ya mwaka.

Sasa tuzipime hoja za wanaotaka masharti yabaki makali. Iliyo na uzito zaidi ni ya usalama, na siipingi. Jengo likianguka, haisaidii kusema aliyelichora alikuwa na shauku. Wanasema pia kwamba muda una kazi yake: kuna mambo ambayo hayafundishiki kwa haraka, kama kujua lini mkandarasi anasema kweli, au kuiona nyufa na kutambua kama ni ya plasta au ya msingi. Samaki mkunje angali mbichi, husema wakongwe, na wana haki. Ila hoja hiyo inatetea ubora wa miaka, haitetei wingi wake. Saa 2,600 za kuchora hazimfundishi mtu kusoma nyufa, na miaka kumi ya kuchora haitamfundisha pia. Kama tunaamini kwamba uzoefu ndio unaolinda uhai wa watu, basi tulipaswa kukereka zaidi na kijana anayepata muhuri akiwa ameiona saiti kwa kuibia-ibia kuliko kijana aliyeongezewa muda wa kumaliza mtihani. Kufutwa kwa kikomo cha miaka mitano hakukupunguza swali hata moja. Mtihani ni uleule, alama ya kufaulu ni ileile. Kilichobadilika ni kwamba alama hubaki hai katika toleo la mtihani lililofanywa na lile linalolifuata, na mtu aliyejifungua, aliyeuguza mzazi au aliyeachishwa kazi katikati ya safari hapokonywi alichokwisha kukithibitisha.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayosikika mara nyingi zaidi: mwenye uwezo atapita tu, mbona sisi tulipita. Inasemwa kwa nia njema, na wanaoisema wameteseka kweli. Lakini inahesabu waliofika peke yao, na waliofika si ushahidi kwamba njia ni nzuri. NCARB yenyewe ilieleza, ilipokuwa ikiifuta kanuni ile, kwamba iliwaumiza zaidi wanawake na watu wasio Wazungu. Je, tuseme uwezo umegawanywa kwa jinsia na rangi? Mchukue Norma Merrick Sklarek, mwanamke Mweusi wa Marekani. Alihitimu Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1950, akaomba kazi katika ofisi 19, zote zikamkataa. Akaajiriwa katika idara ya ujenzi ya jiji la New York, na mwaka 1954 akafaulu mtihani wa leseni wa jimbo kwa jaribio la kwanza. Mtihani haukumzuia hata siku moja. Zilimzuia zile ofisi 19. Kama uwezo peke yake ungetosha, barua moja ya maombi ingetosha. Na jambo linalonigusa zaidi ni alichofanya baadaye: akiwa California, ambako alipata leseni mwaka 1962, alijulikana kwa kuwasaidia wengine kujiandaa na mtihani wa leseni, ambao yeye aliupita kwa jaribio la kwanza. Hakusema mbona mimi nilipita.

Hapo ndipo linapoingia suala la kujuana, ambalo tumelidharau kwa kulielewa vibaya. Tukisema kijana ajenge mtandao wa kitaaluma, picha inayokuja ni ukumbi, vinywaji, kadi za majina na tabasamu la saa mbili. Wengi hutoka humo wamechoka, wakijiona wamekosa kipaji cha kuongea. Ninachokizungumzia ni kitu kingine, kikavu zaidi. Saa za uzoefu hazijihesabu zenyewe. Lazima mtu mwenye leseni azithibitishe kwa jina lake. Akihama, akigombana nawe, au akiwa na haraka kila Ijumaa, saa zako zinaning'inia hewani. Mtandao maana yake ni kuwa na mtu wa pili unayeweza kumpelekea mchoro wako ukamwuliza kwa nini mhandisi miundo ameurudisha. Ni kumjua mtu aliyefanya sehemu ya mtihani unayoiogopa mwezi uliopita. Ni kusikia kwamba ofisi fulani inakwenda kuanza kumwaga msingi na iko tayari kumpokea mtazamaji. Ni kujua, kabla hujasaini mkataba wa ajira, swali la kuuliza: je, mwaka wa pili nitakuwa nakwenda saiti?

Mtoto wa msanifu anavipata hivi vyote wakati wa chakula cha jioni. Anasikia wazazi wakilalamikia zabuni, anajua madai ya malipo ya mkandarasi yanafananaje, na akikwama kuna mjomba wa kumpigia simu. Asiye na mjomba huyo atabaki kukisia. Ndiyo maana nasema vyama vya wasanifu vinavyounda vikundi vya kusomea, vinavyomgawia kila mhitimu mlezi nje ya ofisi anayofanyia kazi, na vinavyofungua milango ya saiti za wanachama wao, vinafanya kazi ya usawa na si ya burudani. Naweka mkazo kwenye maneno nje ya ofisi. Mlezi ambaye ndiye anayekulipa hawezi kukushauri uhame, na wakati mwingine kuhama ndiyo njia pekee ya kuziona zile saa 360.

Lakini hata mlezi bora hawezi kukupa kile ambacho hakipo. Ukipata ushauri wote duniani na huna mradi ambao wewe mwenyewe umekaa mbele ya mteja, bado hujaifanya kazi. Ofisi kubwa haitakupa mteja wake, na ina haki. Basi mteja wa kwanza atatoka wapi? Hapa ndipo miradi ya kijamii inapokuwa kiungo cha safari nzima, badala ya pambo la wasifu wa kazi.

Historia yake si ya sadaka. Mwaka 1964 huko Harlem, New York, ilianzishwa kamati ya wasanifu iliyoitwa ARCH, iliyokaa upande wa wakazi dhidi ya mipango iliyokuwa ikipangwa juu ya vichwa vyao. Mwishoni mwa muongo huo iliongozwa na J. Max Bond Jr., aliyekuwa amerudi kutoka Ghana alikosanifu maktaba ya Bolgatanga, na ilikuwa na mpango wa kuwafundisha vijana Weusi wa mitaa kazi ya kuchora ili waingie kwenye taaluma. Tazama mambo mawili yakiwa pamoja tangu mwanzo: jamii inapata msanifu, na taaluma inapata msanifu ambaye isingempata. Mwaka 1967 Chuo Kikuu cha Yale, chini ya msanifu Charles Moore, kilianza kuwapeleka wanafunzi wajenge wenyewe, na jengo la kwanza lilikuwa kituo cha jamii huko New Zion, Kentucky. Mwaka uliofuata, mkuu wa Urban League, shirika la kutetea haki za Wamarekani Weusi, Whitney M. Young Jr., alisimama mbele ya mkutano mkuu wa wasanifu wa Marekani mjini Portland akawaambia usoni kwamba katika mapambano ya haki za watu taaluma yao imejulikana kwa ukimya wake. Vituo vya usanifu vya jamii viliongezeka sana baada ya miaka hiyo.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Gando, Burkina Faso. Francis Kéré alikuwa bado mwanafunzi wa usanifu huko Berlin alipoanzisha chama cha kuchangisha fedha mwaka 1998 ili akajenge shule kijijini kwao. Shule ilikamilika mwaka 2001. Shahada yake aliipata mwaka 2004, na mwaka huohuo shule ile ikapewa Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Mengi yameandikwa kuhusu tuzo, na zaidi tangu alipopata Pritzker, tuzo kubwa ya usanifu duniani, mwaka 2022. Mimi nataka tuliangalie paa. Bati likiwekwa juu ya darasa katika jua lile, chumba huwa tanuri. Kéré aliliinua bati juu ya dari ya udongo, akaliegemeza kwenye vichanja vyepesi vya nondo, upepo ukapita katikati na hewa ya moto ikatoka. Nondo zilikatwa kwa msumeno wa mkono na kuchomelewa palepale na vijana waliofundishwa hapohapo, kwa sababu winchi haikuwepo na isingefika. Nawauliza wanaohesabu saa: hapo kuna uchambuzi wa mahitaji, kuna bajeti, kuna mteja anayeshuku udongo kwa kuwa ameziona nyumba za udongo zikiyeyuka mvuani, kuna mafunzo ya mafundi, kuna usimamizi wa ujenzi. Zile saa chungu zote zimo katika jengo moja la madarasa matatu, na aliyezifanya hakuwa amehitimu.

Nasikia pingamizi, na ni pingamizi zito kuliko yote niliyoyataja. Je, si kweli kwamba tunawafanya maskini kuwa karatasi ya mazoezi ya vijana wasio na leseni? Mwenye fedha anapata msanifu mwenye muhuri, asiye na fedha anapata mwanafunzi mwenye moyo mwema. Kama leseni inalinda uhai, kwa nini uhai wa huyu wa pili ulindwe kidogo? Sina njia ya kulikwepa swali hili, na sidhani yeyote anapaswa kulikwepa. Imewahi kutokea, si mara moja, kikundi cha vijana kikashuka mahali, kikajenga kitu cha kupendeza pichani, kikaondoka, na baada ya misimu miwili ya mvua paa likavuja na hakuna aliyekuwa na namba ya simu ya kumpigia. Picha zilibaki kwenye majalada ya kazi ya waliojenga. Waliobaki na ndoo walikuwa wenye jengo.

Jibu lipo katika jimbo la Alabama, Marekani, ingawa si jibu la bei rahisi. Mwaka 1993 wasanifu Samuel Mockbee na D.K. Ruth walianzisha Rural Studio, tawi la Chuo Kikuu cha Auburn, katika kaunti ya Hale, mojawapo ya maeneo maskini ya jimbo lile. Nyumba ya kwanza, ya mwaka 1994, kuta zake zilikuwa marobota ya nyasi kavu yaliyopigwa plasta. Tofauti yake na vikundi vya kupita haiko kwenye nyasi, iko kwenye kukaa. Mockbee alifariki mwaka 2001 na studio haikufungwa. Hadi sasa wanafunzi wanaishi na kufanya kazi palepale Newbern, wanakutana na waliojengewa na waliowatangulia wao, na kasoro ya mwaka jana inakuwa somo la mwaka huu. Mwaka 2005 walianza kujiuliza kama nyumba nzuri inaweza kujengwa kwa dola 20,000, vifaa na nguvukazi vikiwemo, na wakalirudia swali hilo mwaka baada ya mwaka, nyumba baada ya nyumba, wakirekebisha. Mradi unaorudiwa mahali pamoja, chini ya wataalamu wenye dhamana, haumfanyi mwenye nyumba kuwa jaribio. Unampa kitu ambacho hata wateja wengi wenye fedha hawakipati, yaani msanifu anayerudi.

Kwa hiyo sharti langu la kwanza kwa mradi wa kijamii ni kwamba mwenye leseni aweke jina lake kwenye michoro, sawasawa na ambavyo angeweka kwa mradi wa benki, na awe saiti kweli, si kwa simu. La pili ni kurudi baada ya mvua ya kwanza, na gharama ya kurudi iwe imeandikwa kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. La tatu linawahusu vijana wenyewe: walipwe. Tunapowaambia wajitolee jioni na mwisho wa juma ili kupata saa, tunakuwa tumewachuja upya kwa mfuko wa wazazi wao. Atakayeweza kujitolea miezi sita bila mshahara ni yuleyule mwenye mjomba. Yule anayefanya kazi ya pili usiku ili alipe kodi ya chumba atabaki na orodha yake ya milango. Mradi wa kijamii usiolipa huwa unarudisha kwa mlango wa nyuma ubaguzi ambao leseni na vyuo vilikusudia kuuondoa.

Mamlaka za usajili zina kalamu mkononi hapa. Mfumo wa Marekani tayari unakubali sehemu ya saa zipatikane nje ya ajira ya kawaida, ikiwemo kwenye vituo vya usanifu vya jamii, kwenye kazi ya ujenzi na kwenye ziara za saiti pamoja na mlezi. Mlango upo, ila umeandikwa pembeni, kama fidia ya aliyekosa ofisi. Kama kweli tunahama kutoka kuhesabu saa kwenda kutazama uwezo, mlango huo uwe wa mbele. Kijana aliyeongoza ujenzi wa zahanati ndogo tangu kikao cha kwanza na wakazi hadi ukaguzi wa mwisho ameonyesha uwezo ambao fomu ya saa haiwezi kuueleza, na bodi inapaswa kuwa na namna ya kuupima: mahojiano, daftari la mradi, maelezo ya mkandarasi, hata ya mwenye jengo. Hatari ya mwelekeo mpya ni kwamba neno uwezo litageuka orodha nyingine ya visanduku vya kuwekea tiki, vikijazwa na mkuu yuleyule wa ofisi aliyekuwa akijaza saa. Hapo tutakuwa tumebadili fomu na kuacha meza ilivyo.

Na ofisi? Nimesema hesabu ya mwezi haina mstari wa kumfundisha mtu. Mstari huo unaweza kuandikwa. Ofisi inayochangia msanifu mmoja mwenye leseni kwa siku moja ya juma kwenye kituo cha jamii, na kuwapeleka watarajali wake wawili chini yake, inapata baada ya mwaka watu wawili wanaoweza kutumwa saiti bila mkubwa. Hiyo ni fedha, wala sihitaji kumshawishi mtu kwa huruma. Serikali za mitaa na wafadhili wanaolipia zahanati, maktaba na viwanja vya watoto wanaweza kutia kipengele kimoja kwenye zabuni, kwamba timu ya usanifu iwe na mtarajali mwenye mshahara atakayekuwepo hatua zote. Asilimia ya ada itakayokwenda huko ni ndogo ukiilinganisha na gharama ya mlango unaogonga sinki katika vyoo arobaini.

Kuna jambo moja lisilohitaji bodi wala mfadhili. Kila mwenye leseni anayesoma hapa ana kikao cha saiti juma hili au lijalo. Gari lina kiti cha nyuma. Yuko kijana ofisini ambaye amechora ngazi za jengo hilo na hajawahi kuzikanyaga. Mchukue. Akifika, usimweke pembeni ashike karatasi: mpe tepu apime kimo cha vidato mwenyewe, mmoja mmoja, kuanzia chini, na kama vinatofautiana mwache yeye ndiye amwambie mkandarasi.